Busu la Tatu

Kwa furaha kubwa, Ofisi ya Mizani na Vipimo ya mji wa Caraguá inawatangazia wananchi wote kwamba busu sasa lina kipimo rasmi. Paraguai nzima bado inabusiana kwa kukisia. Sisi tumepima.

Chanzo ni lalamiko la Nimia Ozuna, mkaguzi wetu wa mizani za mabucha. Huku kwetu watu husalimiana kwa mabusu mawili, shavu hili na lile, kisha kila mtu kazini. Nimia alidai Mkurugenzi wetu, Dokta Wilfrido, huongeza la tatu karibu na mdomo, na mkono wake hushuka kutoka kiunoni kwenda kusikohusika.

"Nikamuuliza nani kakuruhusu," alisema. "Kaniambia sina utamaduni."

Tume ikaundwa: Dokta Wilfrido mwenyekiti, Dokta Wilfrido mtaalamu mwelekezi, na mimi Eulalio, katibu. Tulinywa tereré, ile chai yetu ya majani na barafu, tukatafakari mno, tukatoa Waraka Namba Tisa. Salamu ya Mkurugenzi, pamoja na mkono, ndiyo Salamu Sanifu ya Ofisi. Atakayeikataa atahamishiwa stoo ya mawe mabovu ya mizani, kule chini kusiko na dirisha. Nimia akapewa mpaka saa sita mchana aamue.

"Binti yangu," Dokta akamwambia, "hii ni heshima tu. Mbona unakuza mambo?"

"Mimi si binti yako, Dokta. Ila nina swali la kikazi. Kipimo rasmi si huwa kwa wote?"

"Kwa wote!" nikadakia mimi, maana hilo nalijua.

"Basi liandike, kaka Eulalio."

Nikaongeza kwenye waraka: *kwa wote*. Dokta akasaini bila kusoma, kama kawaida yake.

Nimia akafungua mlango. Nje walipanga foleni wauza nyama waliokuja kugongewa muhuri mizani zao. Wa kwanza alikuwa Don Críspulo, jitu la kilo mia na thelathini, aproni imelowa damu. Nimia akamsomea waraka polepole. Don Críspulo akavua kofia, raia mwema.

"Mabusu matatu na mkono ushuke? Haya, serikali ikishasema..." Akatanua mikono, akamwendea Mkurugenzi.

Dokta akarukia nyuma ya kabati. "Usinisogelee! Nani kakuruhusu?"

"Wewe, Dokta," Nimia akamjibu. "Sahihi yako hii hapa."

"Sitaki! Huu ni udhalilishaji!"

Nikatazama saa: ilikuwa sita kasoro dakika mbili. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Mwenyekiti ameutambua udhalilishaji mwenyewe, bila kusaidiwa. Aidha, ameikataa Salamu Sanifu.*

Waraka ni waraka. Tulimshushia Dokta stooni kiti na chupa ya maji. Mlangoni Nimia akabandika karatasi nyekundu, ile ya mizani za wezi: INAZIDISHA. ISITUMIKE MPAKA IKAGULIWE. Mkaguzi ni yeye tu, na ratiba yake imejaa hadi Desemba.

Wananchi mnakaribishwa kumsalimu Dokta. Ila ombeni ruhusa kwanza; siku hizi kwa hilo amekuwa mkali kweli kweli.