Baba wa Daktari

Jumatatu, 1 Oktoba 1951

Siku kubwa! Hilari amekuja kutoka shuleni na fomu mbili. Ya kwanza ni ya Makerere, Uganda, kusomea udaktari kamili. Ya pili ni ya Dar es Salaam, kusomea uganga msaidizi. Anasema wanafunzi tisa wa darasa lake wanataka Makerere, na mwaka huu shule itapeleka majina mawili tu. Mwalimu Lukumani, anayewafundisha sayansi, amewashauri waombe kote kuwili.

Kote kuwili! Ushauri wa mtu mwoga. Mimi, Sylvester Lugembe, karani wa vifurushi stesheni ya Tabora, miaka kumi na minne sijapoteza kifurushi (kuku wa yule Mgiriki walitoroka wenyewe), sina mtoto wa kuomba mahali pawili. Ukiomba pawili wakubwa wataona huna hakika. Ya Makerere nimeijaza mwenyewe kwa wino mweusi. Ya Dar es Salaam nikamwambia Hilari aniachie, nikaifungia ndani ya sanduku langu la bati. Mama Hilari akauliza mbona naificha. Nikamwambia siifichi, naihifadhi.

Jumatano, 3 Oktoba

Adui amejulikana. Mabruki, mtoto wa Shomari fundi cherehani wa Mtendeni. Miaka mitatu mfululizo wa kwanza kwa kemia.

Nikaenda kwa Shomari, eti suruali yangu ya kazi inanibana. Alipokuwa ananipima kiuno nikamweleza habari za Makerere, kwa masikitiko. Kwamba meli ya kutoka Mwanza inayumba mpaka nahodha anatapika. Kwamba kule ugali hawaujui, ni ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi jioni. Kwamba wanafunzi wa udaktari wanalazwa chumba kimoja na maiti ili wazoeane.

Shomari alisikiliza na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. Akasema, "Alhamdulillahi, Bwana Karani. Mabruki wangu anapenda ndizi sana."

Kijana mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, anasoma. Akatoka, akaniamkia shikamoo kwa adabu kubwa. Marahaba, nikasema. Adabu ya namna ile inatisha. Tena kiuno changu kimezidi inchi tatu.

Alhamisi, 4 Oktoba

Mpango safi kabisa. Hilari apate barua ya sifa kutoka kwa daktari Mzungu wa hospitali. Nani atamkataa mtoto aliyesifiwa na daktari? Na njia ya kumfikia daktari ni kuugua. Saa mbili asubuhi nikafika hospitali nimeshika tumbo, nalia kwa kiasi.

Kumbe naigiza vizuri mno. Dresa wao, mfunga vidonda Damas, hakuona haja ya kumsumbua daktari. Akanibonyeza tumbo, akaniuliza choo nimekwenda lini mara ya mwisho, akaniletea kikombe kizima cha mafuta ya mbarika. Akasimama mbele yangu mpaka nikakimaliza.

Daktari nilimwona. Tulipishana ukumbini. Yeye alikuwa anatembea.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimepona. Zile inchi tatu zimekwisha.

Shemeji yangu Kornel ameniletea debe la asali ya msituni, nzito, inanukia moshi. Nikalifunga nyuma ya baiskeli na kulipeleka kwa Mkuu wa shule, pamoja na karatasi: Kutoka kwa baba yake Hilari, mwombaji wa udaktari. Mkuu akanishukuru kwa Kiswahili fasaha, akasema shule hufurahi sana kupata wazazi wakarimu. Halafu akamwita mpishi! Saa nne shule nzima ikanywa uji kwa asali yangu.

Hilari akanisindikiza mpaka langoni. Pale akasema, "Baba, nakuomba. Usije tena." Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nikamuuliza kama Mabruki naye alikunywa. Bakuli mbili.

Jumatatu, 8 Oktoba

Siku ya kuhojiwa. Sikuingia shuleni. Nilisimama nje ya ua tu, barabarani, na barabara ni ya watu wote. Saa tatu nzima juani.

Mwalimu Lukumani akaniona, akaja kuniambia. Watahini walikuwa Wazungu watatu. Walimuuliza Hilari kwa nini anataka kuwa daktari. Jibu nilikuwa nimemfundisha wiki nzima: kumtumikia Mfalme na kulikuza jina la ukoo. Hakulitoa. Aliwaambia kwamba alipokuwa na miaka tisa alitembea na mama yake kutoka kijijini maili kumi na nane, mdogo wake Dionis akiwa mgongoni mwa mama, ana surua. Walipofika hospitali mama alikataa kumfungua mtoto mgongoni, maana alikwisha jua hapumui tena.

Siku ile nilikuwa zamu stesheni. Jambo hili hatujawahi kulizungumza nyumbani, wala sikujua kama Hilari anakumbuka vile mama yake alivyosimama.

Mwalimu akasema mmoja wa watahini alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Leo sina la kuongeza.

Isipokuwa hili: hakuna mtoto mwingine aliyemvua Mzungu miwani.

Jumamosi, 13 Oktoba

Majina yamebandikwa. La kwanza, Mabruki. La pili, kijana mmoja wa Nzega anayevaa viatu vya kuazima. La tatu, Hilari wangu.

Wa tatu kati ya tisa! Kwenye mbio za baiskeli wa tatu anapewa kikombe. Hapa anapewa pole. Hilari amempongeza Mabruki kwa mikono miwili, nimemwona. Akaja nyumbani, akala vizuri, akasema asante mama. Sijui kijana huyu amerithi wapi utulivu.

Halafu nikakumbuka. Mwisho wa kupokea fomu Dar es Salaam ulikuwa jana. Nikaliangalia sanduku la bati. Sikuthubutu hata kuligusa. Nimemfungia mtoto wangu njia kwa kufuli, na ufunguo nimeutundika mwenyewe.

Jumapili, 14 Oktoba

Baada ya misa nikamweleza mke wangu yote. Alikuwa anachambua karanga. Aliendelea kuchambua. Nikasema mimi ni mtu mbaya. Hakupinga. Nilitarajia angalau apinge kidogo.

Mwishowe akasema, "Fungua sanduku, Baba Hilari."

Nikafungua. Shuka mbili, vyeti vyangu vya kazi, kofia ya harusi. Fomu hakuna!

Jumanne, tarehe mbili, nilipokwenda kazini tu, aliuchukua ufunguo msumarini, akaitoa. Hilari akaijaza. Mahali pa sahihi ya mzazi aliandika mwenyewe, Pelagia, kwa herufi alizofundishwa na masista. Nikamuuliza nani aliipeleka posta. Akasema Shomari, kwa kuwa na Mabruki naye aliomba kote kuwili. Shomari aliituma Jumatano jioni. Maana yake mchana ule naelezea ndizi na maiti, fomu ya mwanangu ilikuwa juu ya cherehani ya Shomari, futi mbili kutoka kiunoni kwangu!

Nilikasirika kwa muda wa saa moja, nikizunguka nyumba. Kisha nikatulia na kufikiri kwa haki. Ni nani aliyeutundika ufunguo mahali ambapo kila mtu anaufikia? Ni mimi.

Ijumaa, 9 Novemba

Barua! Kutoka Dar es Salaam, na mhuri wa serikali. Walioomba ni mia na arobaini. Waliochukuliwa ni kumi na wawili. Hilari ni mmojawapo!

Nikaisoma nimekaa juu ya gunia la mpunga la mtu. Nikaisoma tena nimesimama. Nikamsomea mkuu wa stesheni, wapagazi, abiria wa Kigoma, na polisi aliyekuja kuuliza kelele ni za nini. Nikawaeleza kwamba mambo haya yanataka mipango: unaomba juu, na chini unaweka akiba. Mama Hilari alikuwa amesimama pale na kikapu changu cha chakula. Akatazama reli. Mabega yalikuwa yanatikisika, nadhani kwa furaha.

Jioni Shomari akaleta suruali na kutoa pongezi. Akakaa kidogo. Akasema Mabruki siku hizi halali vizuri, analifikiria lile ziwa. Nikatazama chini. Nikamwambia nimepata habari mpya, ziwa ni shwari, meli ni kubwa, na ugali kule wanapika. Akanishika mkono. Suruali imekuwa pana mno, lakini nikamlipa na kumshukuru.

Jumamosi, 12 Januari 1952

Hilari amesafiri leo. Watu wamejaa stesheni kama anasafiri mtemi. Babu yangu alitoka hapa hapa na pembe ya ndovu begani, akaenda mpaka Bagamoyo kwa miguu, miezi mitatu, na aliporudi alikuwa na shuka moja na kovu. Mjukuu wa mtoto wake amekwenda pwani ameketi, kiti cha karibu na dirisha, na koti alilomshonea Shomari. Nilitaka kulisema hilo kwa sauti mbele ya watu. Badala yake nikahesabu mizigo yake upya.

Mama yake alimwekea karanga na kumshika uso. Mimi nilimpa mkono, kiume. Kisha sikuuachia mkono mpaka mkuu wa stesheni akapiga kengele mara ya pili.

Kabla ya treni kuondoka akainama dirishani. Aliniomba jambo moja tu: nisiwaandikie wakuu wake wa Dar es Salaam barua yoyote. Nikamwahidi, tena mbele ya mama yake.

Na ahadi nimeitimiza. Sikuwaandikia wakuu. Nimemwandikia mkuu mmoja tu, yule wa juu kabisa. Kurasa nne. Nimemweleza kwamba darasa la mwaka wa kwanza litamchosha bure kijana kama huyu, heri aanzie mwaka wa pili, na mwakani awe anawafundisha wenzake. Nimetia sahihi: S. Lugembe, Baba wa Daktari.

Posta ingechelewa. Nimeiweka mwenyewe kwenye behewa la vifurushi la treni ile ile. Watafika pamoja.