Sokwe Ndani ya Nyundo

Yote yalianzia kwenye gazeti la Profesa, mlinzi wa shule ambaye hajawahi kufundisha mtu ila husoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata iliyofungiwa misumari.

"Wataalamu wanasema," alisoma kwenye benchi la wanywa kahawa, kikombe mkononi, "ubabe wa wanaume una mizizi ya kale. Sokwe madume hujikusanya, hunyemelea kundi jirani, wakimkuta mmoja peke yake humpiga mpaka afe."

Nyundo, fundi wa kuchomelea mageti, aliruka kama aliyekalia cheche. Siku ya nne hiyo mkewe anamwekea chakula bila salamu, kwa sababu Jumapili yeye Nyundo alimtandika shemeji yake, mdogo wa mkewe huyo, ngumi ya mdomo kwenye benchi hilihili. Kisa? Drafti. Jino moja likang'oka.

"Rudia hapo! Kale ya lini?"

"Mamilioni ya miaka."

"Mnaona? Mke wangu anasema nina kisirani. Kumbe ni urithi!"

"Urithi wa nani?" aliuliza Mama Pacha, muuza kahawa, bila kugeuka kutoka kwenye birika lake. "Babu yako nilimfahamu. Mtu wa watu."

"Nenda nyuma ya babu, mama. Nyuma kabisa, kule kwenye mikia."

"Sokwe hana mkia," Profesa alisahihisha.

"Basi nyuma ya hapo!"

Kinyozi, aliyemwacha mteja na sabuni kidevuni aje kusikiliza, alidakia: "Kwa hiyo shemeji aende akamshtaki sokwe?"

"Asimshtaki mtu. Damu ikichemka si mimi tena. Mkono unaondoka wenyewe."

"Hapa chini," Profesa aliendelea, "wanasema wapo ndugu zao wengine, bonobo. Hao, dume akileta ubabe, majike huungana wakamtimua."

"Hiyo ndiyo ya kusoma kwa sauti." Mama Pacha aliweka birika chini. "Hebu nikuulize, baba. Jumatatu, yule askari aliyekuita mbwa mbele ya wateja wako, ulimfanyaje?"

Nyundo alikohoa. "Nilimwambia samahani, afande."

"Ukamsogezea na kiti."

"Alikuwa na bunduki!"

"Kumbe! Basi huyo sokwe wako ana akili kuliko tulivyodhani. Anajua kuchagua."

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. Kinyozi alicheka mpaka akamkalia Profesa. Nyundo naye alifungua kinywa acheke nao, kicheko kikagoma. Alimwona tena akilini shemeji yake, vile alivyokuwa Jumapili: kijana mwembamba asiyejaza hata shati lake, ameinama anapapasa vumbi kutafuta jino. Hakuwa na bunduki yule. Hakuwa hata amekunja ngumi.

Akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye ovaroli.

"Kazini?" aliuliza Profesa.

"Kwa shemeji."

"Chukua na gazeti ukamsomee!" Kinyozi akamrushia.

Nyundo alilidaka, akalilaza taratibu kwenye benchi.

"Bakini nalo. Naenda kumwambia ni mimi niliyempiga."