Ombi la Kufungwa kwa Ukurasa wa "Fundi, Tayari?"

Tarehe: nitaijaza kesho

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Sekondari ya Wasichana.

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

YAH: KUFUTWA KWA SOMO LA KUTENGENEZA TOVUTI, AU ANGALAU UKURASA MMOJA

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini mimi si mtu wa kuacha jambo lijieleze lenyewe. Pokea kwanza salamu zangu za heshima. Natumaini u mzima na shule nzima ni wazima.

Mimi ni fundi cherehani, baba wa yule msichana mrefu wa kidato cha tatu anayekaa bweni la pili. Hapa mtaani wananiita Fundi Kesho. Kwa miaka mingi nilidhani ni jina la sifa, la mtu anayetazama mbele. Binti yangu ndiye aliyenifafanulia, na hakunifafanulia kwa mdomo, faraghani, kama mtoto mwenye adabu, bali kwa tovuti, kama alivyofundishwa na shule yako.

Umeniletea fomu ya ruhusa ili ukurasa wake uende kwenye maonyesho ya shule zote za sekondari. Umeandika kwamba bila sahihi yangu kufikia Ijumaa, nafasi yake atapewa mwingine. Fomu ninayo hapa mezani, nimeiwekea mkasi juu isipeperuke. Sitaitia sahihi mpaka malalamiko yangu yasikilizwe. Nimeyapanga kwa namba, kwa kuwa nimeona siku hizi kitu kisicho na namba hakiheshimiwi.

1. Kuhusu kualikwa kwangu darasani. Mwezi wa pili mwalimu wako wa kompyuta, yule bwana mpole asiyepandisha sauti, aliniita nije kuzungumza na wanafunzi wake. Alisema kabla hawajagusa kompyuta ni lazima wamjue mtu wanayemtengenezea ukurasa, na kwamba kila kitu wangekichora kwanza kwenye karatasi. Nilifurahi. Nilivaa koti langu jeusi, ambalo mkono mmoja bado umeshikizwa kwa pini, nikakaa mbele ya wasichana arobaini. Nikaulizwa wateja wangu huuliza nini zaidi. Mtu mwenye akili angesema huuliza mitindo. Mimi nilijibu kwa kujidai kwamba hawaishi kuuliza "Fundi, tayari?", tena wengine huuliza mara kumi kwa wiki, ndivyo wanavyonipenda. Mwalimu akaandika ubaoni kwamba ukurasa mzuri hujibu swali ambalo mgeni amekuja nalo, na chini yake akaandika swali langu. Wasichana wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Niliulizwa pia kesho huwa ni tarehe ngapi. Nilieleza kwa upole kwamba kwa sisi mafundi kesho si tarehe, ni salamu. Wakaandika hilo nalo.

2. Kuhusu rangi. Likizo iliyofuata binti yangu alikuja na mchoro wake wa karatasi, akaniuliza napenda rangi ipi kati ya nyekundu, njano na kijani. Nikamwambia apake nyekundu kila mahali, inavutia wateja. Akacheka, akasema, "Usijali baba, nyekundu itakuwapo ya kutosha." Nilimsifu kwa utiifu.

Basi ukurasa ukafunguliwa. Kila nguo iliyo kwangu ina mstari wake: ni nguo gani, kitambaa kilipokelewa lini, niliahidi lini, imefikia wapi. Njano maana yake inashonwa. Kijani ni tayari. Nyekundu ni kwamba siku ya ahadi imeshapita. Mwisho wa mstari kuna kitufe ambacho mteja hubonyeza, kimeandikwa "Nimeuliza leo", na kando yake namba ya mara alizouliza. Ukiutazama ukurasa wangu kwa mbali utadhani nimeanika pilipili. Na usidhani nina mahali pa kujificha, maana mama yake, mke wangu wa ndoa ya miaka kumi na minane, humpigia mwalimu wa kompyuta kila Ijumaa kutoa taarifa za kibandani, na binti hubadilisha rangi akiwa hukohuko shuleni. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

3. Kuhusu kinyozi. Huyu ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Kila asubuhi anausoma ukurasa wangu kwa sauti kama taarifa ya habari, kuanzia mstari wa juu, mpaka mteja wake wa kwanza aketi. Siku hizi wanakuja kunyolewa hata watu wenye vipara.

4. Kuhusu sababu. Zamani fundi alikuwa na haki ya kutoa sababu, na sababu ilikufa palepale iliposemwa. Sasa zinaandikwa ukurasani na hazifutiki. Imeonekana kwamba sindano yangu imevunjika mara kumi na tisa tangu ukurasa ufunguliwe. Imeonekana kwamba mkono uliniuma siku ileile niliyowafunga watu wanne mchezo wa drafti. Kubwa kuliko yote, imeonekana nimemzika shangazi yangu mara tatu. Shangazi huyo ni mteja wangu, mstari wa saba. Alibonyeza "Nimeuliza leo" jana asubuhi, kisha akaja mwenyewe kuniuliza mazishi yake yalihudhuriwa na watu wangapi.

5. La tano nilikuwa nalo jana. Nitaliongeza kesho.

6. Kuhusu methali. Kibandani kwangu kuna kibao kinachosema "Haraka haraka haina baraka". Nilikirithi kwa fundi aliyenifundisha kazi, ambaye suruali yangu ya harusi naisubiri hadi leo. Binti yangu amekipiga picha kibao hicho, akakiweka juu kabisa ya ukurasa, vizuri tu, nikadhani ni heshima. Chini kabisa, ndivyo ninavyoambiwa, ameandika "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Mgeni anaingia kwa methali yangu na kutokea kwenye yake. Nauliza, hii ni elimu au ni ugomvi wa nyumbani?

7. Kuhusu kazi kuzidi. Nilitegemea aibu hii ingewafukuza wateja, nami nipumzike. Badala yake watu wanasema afadhali huyu, angalau inajulikana amechelewa kiasi gani. Nesi wa zahanati aliuliza mara kumi na nne juu ya sare zake mbili nyeupe. Wiki iliyopita alipata kijani, na kesho yake, namaanisha siku iliyofuata, akawaleta wenzake watano. Sasa nakaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jioni. Mgongo unaniuma, safari hii kweli, na hakuna anayeniamini.

8. Kuhusu hatari kwa jamii nzima. Nasikia darasa limeanza kumchorea ukurasa seremala, na baada yake ni zamu ya fundi bomba. Wakishatumaliza mafundi watakwenda wapi? Watakwenda maofisini. Watataka kujua karatasi ya kila mtu iko juu ya meza ya nani, na tangu lini. Mimi nimeonyeshwa kurasa za ofisi kubwa, Mwalimu Mkuu, na hizo ndizo kurasa za heshima. Kuna picha ya mkubwa akitabasamu, kuna maua, na ukibonyeza "Wasiliana nasi" unarudishwa ulikotoka. Mgeni anachoka, anazima simu, watu wanaendelea kunywa chai. Kwa nini watoto wetu wasifundishwe ufundi huo? Au basi wapewe kutengeneza kurasa za vitu ambavyo havijamwahidi mtu chochote, kama milima na nyota.

Na wewe mwenyewe ujitazame. Siku watakapoanza na shule yako watauliza choo cha bweni la pili, kilichoahidiwa muhula uliopita, kimefikia wapi, na jibu lake litakuwa jekundu. Mimi na wewe ni chama kimoja. Najua una gauni lako la zambarau hapa kwangu, na najua umeuliza mara tisa, kwa sababu kinyozi ameshanisomea. Naomba hilo lisiathiri uamuzi wako.

9. Kuhusu sketi. Katika barua yako umegusia kwamba sketi ya binti yangu imepanda juu ya magoti, na kwamba ni jambo la kushangaza kwa mtoto wa fundi. Napinga. Sketi haikupanda, mtoto ndiye aliyepanda. Ni sketi aliyoachiwa na binamu yake, tumefumua upindo mara mbili, na kitambaa hakina pengine pa kwenda. Mganga hajigangi. Waashi nao hulala kwenye nyumba zinazovuja, na sijasikia shule ikiwaandikia barua.

10. Ili ushahidi wangu ukamilike, leo mchana nimeazima simu ya kinyozi nihesabu mistari yote. Nakiri kwamba sikuwahi kuufikisha ukurasa huu mwisho. Kinyozi husoma ya juu, ambayo ndiyo mipya, na mimi huwa nimeshakimbilia ndani kabla hajafika katikati. Leo nimeushusha kwa kidole, nikampita shangazi, nikalipita gauni lako, nikawapita watu niliodhani wameshanisahau, mpaka chini kabisa, kwenye nguo ya zamani kuliko zote. Ni mstari wa thelathini na nane. Unasema hivi:

Sketi ya shule, buluu, marinda manane. Kitambaa kilipokelewa: Januari, mwaka wa kidato cha kwanza. Imeahidiwa: kesho. Mteja ameuliza: mara sifuri.

Nilidhani simu imekosea, nikamwita kinyozi. Akausoma mstari ule, kwa mara ya kwanza kimoyomoyo, akarudi kwa mteja wake.

Ni kweli, Mwalimu Mkuu, hajawahi kuuliza. Likizo zote hizo amekaa kwenye kigoda karibu nami, akishona vifungo vya watoto wa watu, na kitambaa chake kiko rafuni juu ya kichwa chake, kimefungwa vilevile kilivyotoka dukani. Mimi huwashonea kwanza wanaopiga kelele. Yeye hakupiga kelele, basi nikamwona ana subira, nikamsifu kwa wageni kwamba mtoto wangu ana subira. Nimeona haya. Haya za kinyozi nimezizoea, hizi ni nyingine.

Hata hivyo msimamo wangu haujabadilika. Malalamiko ni kumi, ukiondoa la tano. Naomba ukurasa ufungwe, somo lifutwe, na mwalimu wa kompyuta atafutiwe somo lisilo na maswali. Fomu itabaki chini ya mkasi mpaka nipate jibu lako.

Nisalimie walimu wote, matroni wa bweni, mpishi na wasaidizi wake, na mlinzi wa getini, ambaye naomba umwambie mguu wa pili wa suruali yake unakuja. Mwalimu wa kompyuta naye msalimie, ingawa sijapenda.

Ni mimi, ninayelisubiri jibu lako kwa subira niliyowafundisha wateja wangu,

Fundi cherehani,
kibanda kinachofuata baada ya kinyozi.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa ikufikie jana. Imechelewa, na sababu naitaja mwenyewe kabla haijaandikwa mahali: nilipomaliza kuikunja nilikishusha kile kitambaa kutoka rafuni. Nikafungua daftari la vipimo, nikakuta vipimo vya msichana wa miaka kumi na minne, ambaye hatunaye tena. Vya huyu wa sasa sikuwa navyo. Mimi naweza kumkadiria mtu kiuno akiwa ng'ambo ya barabara, lakini ilibidi mama yake asimame katikati ya kibanda, ajishike kwa kiganja, anionyeshe mtoto wetu amefika hapa.

Kitambaa kilinunuliwa cha mtoto mdogo, hakikutosha. Ili buluu yote iende kwenye urefu, upindo wa ndani nimeuwekea kitambaa cha lile koti langu jeusi. Halitaonekana, na koti lenyewe lilikuwa na mkono mmoja tu wa kujivunia. Marinda ni manane. Nimeyapiga pasi mara mbili.

Sketi imo kwenye mfuko huu. Fomu imo pia, ina sahihi yangu, na tarehe nimeijaza: ni ya leo. Gauni lako halimo, gauni lako ni kesho.

Kwa hiyo ukurasa usifungwe. Mama yake nimemwomba Ijumaa hii asitoe taarifa ya mstari wa thelathini na nane. Binti aivae kwanza, atembee nayo, akae nayo, ndipo abadilishe rangi kwa mkono wake mwenyewe. Najua hatasema kitu, ndivyo alivyo. Basi mwambie safari hii anayeuliza ni fundi: inamtosha?