Ngoma, Sufuria na Uzi wa Shangazi

Jumatatu, 4 Mei
Ijumaa mwalimu wa muziki atachagua mpiga ngoma wa kwaya kwa siku ya wazazi. Nafasi moja. Tunaigombea mimi na Kidevu, mwenzangu wa dawati. Mwalimu amesema nakimbia mno, kwaya inabaki nyuma ikihema. Eti niwasikilize waimbaji. Nimemshukuru kwa adabu. Waimbaji ndio wazembe.

Jumanne, 5 Mei
Dawa nimeipata! Shangazi ni fundi wa nguo, na cherehani yake haikimbii wala haichelewi. Nimejibanza chini ya meza ya kukatia na sufuria, nikapiga naye mshono kwa mshono. Raha tupu. Shangazi ameuliza sufuria yake imenikosea nini.

Alhamisi, 7 Mei
Nimemwomba shangazi ashone kwa mwendo wa wimbo wetu. Kajibu kwamba yeye hushona kwa mwendo wa mteja. Haikupita muda, nikamsikia anauimba kwa kuguna, miguu nayo inafuata. Kwenye ubeti wa pili uzi ukakatika. Akaulamba, akatunga sindano, tukaendelea. Nimekariri yote, pamoja na kukatika.

Mkono mmoja wa gauni umetoka mrefu. Shangazi anasema ni wimbo wangu.

Ijumaa, 8 Mei
Kidevu alipiga vizuri. Inauma kuliandika hili.

Zamu yangu nikafumba macho, nikasikia cherehani. Kwenye ubeti wa pili, pale uzi ulipokatika, mikono ikasimama yenyewe. Kimya. Kwaya nzima ikavuta pumzi. Niliporudi, wakaingia kama mtu mmoja, hadi nikasisimka.

Mwalimu akavua miwani. Akasema hatimaye nimewasikiliza waimbaji, nimewaachia nafasi ya kupumua. Sikumsahihisha, si adabu. Ngoma ni yangu!

Kidevu kanipa mkono, akaniuliza siri. Nikamwambia ni uzi. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jumamosi, 9 Mei
Kuna wimbo wa pili, wenye beti sita. Jana tukiagana mwalimu alirudia: nisikilize waimbaji. Nimemwelewa kabisa. Beti sita zinataka uzi ukatike mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo shangazi alipokwenda kuoga nimeuficha uzi wake imara, nikaweka ule wa rahisi anaoulaani kila siku. Sasa niko chini ya meza na sufuria yangu. Amekaa. Anatunga sindano. Anauguna wimbo, masikini, amefurahi kweli.