Aliyefungua Tanuri

Jumatatu, 3 Machi

Leo Bimkubwa, mwenye kiwanda chetu cha mikate, katangaza: msimamizi wa zamu anastaafu, Ijumaa atateua mwingine. Cheo changu hicho! Mke wangu keshampigia dada yake kumwambia kwamba mimi sasa ni msimamizi. Nimemwacha aseme, mdomo ni wake.

Kikwazo ni ile sheria yetu ya tangu enzi: aliyefungua tanuri ndiye wa kuulizwa. Mikate ikiungua, umeungua nayo. Kwa hiyo nimejifunga bendeji mkononi. Majeruhi hafungui tanuri.

Jumanne, 4 Machi

Kafungua Kidevu, mkandaji wetu wa unga, mtu wa kujipendekeza. Mikate imetoka mizuri ajabu! Bimkubwa kampongeza mbele ya wote. Mkono mzima, roho ndiyo inayouma.

Jumatano, 5 Machi

Bendeji nimeitupa. Nimefungua mimi, mapema, nisizidiwe kete. Mibichi! Bimkubwa kauliza kulikoni. Nikamweleza kwa upole kwamba Kidevu hakuukanda unga sawasawa. Kidevu naye kasema mkono unaopona usiku mmoja si wa kuaminiwa. Fitina tupu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Oda ya hospitali, tanuri limejaa pomoni. Siku kama hii mwenye akili hukaa mbali. Nikanyata hadi stoo, nyuma ya magunia ya unga. Nani kachuchumaa huko? Kidevu! Tukabanana pale tukinong'onezana. Mimi nikamhimiza aende. Yeye akasema mimi ndiye mkubwa, nitangulie. Harufu ikaanza. Kila mmoja akadai ana mafua, hasikii kitu.

Kisha tukasikia mlango wa tanuri. Bimkubwa mwenyewe kafungua. Makaa matupu.

Tulitoka weupe kwa unga kama waliofufuka. Hakutugombeza. Alikuwa kwenye simu akiwaomba radhi watu wa hospitali. Alipomaliza akatutazama.

"Nimefungua mimi," akasema. "Wa kuulizwa ni mimi."

Nikashusha pumzi. Sheria ni sheria!

Ijumaa, 7 Machi

Cheo hakupata mtu. Bimkubwa atasimamia mwenyewe. Mimi na Kidevu tumekabidhiwa tanuri tulikwangue masizi. Tumeshinda tukibishana nani aanze.

Nyumbani mke wangu kaniuliza, "Sasa dada nimwambie nini?"

Nikamjibu kwamba hilo ni lake. Aliyefungua mdomo ndiye wa kuulizwa.

Kaniwekea mezani mkate mmoja wa jana niliorudi nao kutoka kazini, mweusi tii, kachukua mkoba wake na kwenda kwa dada yake. Mpaka sasa hajarudi. Nyumba imenyamaza vibaya, sijaipenda.

Simu inaita. Shemeji huyo. Inakatika, inaita tena. Nimekwenda kwenye pipa la taka, nimeiokota ile bendeji, nimeifunga vizuri. Mkono mgonjwa haupokei simu.