Kidole cha Kubonyeza Ruhusu

Jumatatu, 10 Juni
Dada Nhạn, bosi wetu, katangaza: Ijumaa atateua kiongozi wa timu ya majaribio. Ni mimi au Tuyền. Tuyền! Mtu anayesoma maelekezo hadi mwisho! Nimejiambia, Khiêm, hapa hapa.

Tatizo moja tu. Kompyuta yenyewe inaijaribu programu yetu, vizuri kabisa, mpaka mlinzi wa mtandao aliyemo ndani yake afungue kidirisha: programu hii iruhusiwe? Basi, kila kitu kinasimama mpaka mtu abonyeze "Ruhusu". Naruhusu. Jaribio linalofuata, anauliza tena. Kwani hanijui?

Jumanne, 11 Juni
Tuyền kaja na chai yake ya barafu. Eti kaka Khiêm, kila toleo jipya unaliweka kwenye folda mpya, ndiyo maana mlinzi analiona geni. Muombe kaka Sĩ wa mitandao aweke ruhusa ya kudumu. Nimuombe Sĩ? Aliyenicheka mbele za watu siku nilipochomoa mtandao wa ofisi nzima ili nichaji simu? Thubutu!

Usingizi wa mchana, ambao ofisi yetu yote huulala baada ya chakula, nimeukosa. Taa zimezimwa, wenzangu wote wanakoroma kwenye mikeka chini ya meza, mimi nimekaa gizani nabonyeza "Ruhusu". Imeniuma sana.

Jumatano, 12 Juni
Nimeandika kijiprogramu. Kidirisha chochote kikitokea, kinakubali. Chochote! Mchana nimelala mpaka udenda. Majaribio yote yamepita. Dada Nhạn kasema, mdogo wangu, kumbe una akili! Tuyền kanuna. Au alikuwa anatafuna, sina hakika.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeamka kwenye mkeka, watu wananipigia makofi. Nikajua tayari, uongozi huo! Kumbe nikiwa usingizini dada Nhạn alinitumia swali la kidirisha kwenye kompyuta: niko radhi Tuyền awe kiongozi? Kijiprogramu kikajibu "Ndiyo". Papo hapo, bila hata aibu! Dada Nhạn analengwalengwa na machozi, anasema hajapata kuona kijana mwenye moyo mkubwa hivi. Tuyền kanishika mkono, asante kaka. Nimetabasamu, kisha nimekwenda chooni kulia.

Ijumaa, 14 Juni
Tuyền kamuomba Sĩ ile ruhusa. Sĩ kaiweka kabla barafu ya chai haijayeyuka, na mlinzi kanyamaza kimya. Mxiu!

Lakini mimi si mjinga wa kurudia kosa. Kosa lilikuwa kukubali! Nimekigeuza kijiprogramu: sasa kinakataa kila kitu. Nikajilaza kwa amani.

Nimeamka, Tuyền ananitazama kwa huruma. Alikuwa ameniomba kwa kidirisha niwe msaidizi wake, na dada Nhạn alishapitisha. Kijiprogramu kikakataa. Akauliza tena, akidhani nina hasira. Kikakataa tena. Nafasi kapewa Sĩ.

Sawa. Sasa nimeelewa kabisa nilipokosea. Jumatatu naandika kingine: kikubali mara moja, kikatae mara moja, kwa zamu.