Uma wa Kwaya na Usingizi wa Marieta

Jumanne, 3 Juni 2025

Siku ya tisa bila Marieta. Nimekula ugali na samaki wa jana, furu wadogo, peke yangu, nimesimama jikoni. Mke wangu yuko kwao Butiama, na sababu aliyowapa wazazi wake ni ya kunidhalilisha. Amekwenda kulala. Hakuna msiba, hakuna mgonjwa. Kulala! Baba yake, mzee Yusto, amenipigia simu kuniuliza kama hapa Musoma sisi hatuna kitanda.

Marieta anadai mimi namwamshaga usiku kumweleza mawazo yangu. Ni kweli. Sasa nifanyeje? Wazo la kufuga sungura lilinijia saa nane usiku. Wazo la mkaa wa karatasi, saa kumi. Nilitaka awe mtu wa kwanza duniani kujua! Mwanamke mwingine angejisikia mwenye bahati. Yeye alichukua mto wake na kupanda gari.

Cherehani yake bado iko sebuleni. Kaka yake Boniphace ameahidi kuifuata na pikapu Jumamosi ya tarehe 14. Cherehani ikitoka, ndoa imetoka. Kila mtu hapa mtaani Kamunyonge analijua hilo, na mama wa nyumba ya pili ameanza kunisalimia kwa sauti ya pole.

Nimefikiri sana. Tatizo siyo mimi. Tatizo ni usingizi wa Marieta, ni mwepesi mno. Ukitibiwa huo, yamekwisha.

Jumatano, 4 Juni

Dawa imepatikana! Umeme ulikatika, mashine ya fotokopi ikalala, nikabaki dukani na simu. Kuna bwana mmoja wa Dar es Salaam, amevaa nguo nyeupe tupu, anatibu watu kwa sauti. Ana uma wa chuma wenye meno mawili. Anaugonga gotini, unavuma, anausogeza karibu na sikio la mgonjwa. Dakika kumi kabla ya kulala. Mgonjwa analainika mabega, anapumua, amekwenda. Yule mama kwenye video alikoroma mbele ya kamera!

Anauza seti ya uma nane. Sihitaji nane. Marieta ni mmoja. Na uma mmoja najua ulipo: kwa Clementi, mwalimu wa kwaya yetu, anayeugonga kabla ya kila wimbo ili atupe sauti. Huyu ndiye aliyenitoa mstari wa mbele wa besi na kunipeleka nyuma ya nguzo. Alisema ni kwa ajili ya mpangilio. Mpangilio gani unamhitaji Thadeo nyuma ya nguzo?

Leo baada ya mazoezi aliuacha juu ya kinanda akaenda kufunga madirisha. Nimeuazima. Yeye hajui, lakini nimeuazima.

Ijumaa, 6 Juni

Goti limevimba. Bwana wa Dar hakusema ugonge nyama, siyo mfupa. Nilijitibu juzi na jana kabla ya kulala, na nilikaa macho mpaka saa nane nikisikiliza jinsi chuma kinavyovuma ukikiweka kwenye meno. Hii haina maana kwamba dawa haifanyi kazi. Ina maana mimi siumwi.

Ilibidi nipate mgonjwa wa kweli kwanza. Leo nimekwenda Bunda, kwa dada yangu Helena anayeuza samaki pale Nyasura. Nimemkuta kwenye kiti cha uani, amechoka, alikuwa Kisorya tangu alfajiri kufuata mzigo. Nikamwambia afumbe macho. Nikagonga mara moja. Sijagonga mara ya pili, kalala! Kinywa wazi!

Nilikaa pale nikimtazama kwa furaha ambayo sijaipata tangu Mei. Nilimtazama muda mrefu. Nadhani ndiyo maana sikumwona paka.

Sato watatu wakubwa, wa mteja, walishalipiwa. Helena alipoamka alinifukuza na mwiko mpaka barabarani huku akisema kwamba tangu utotoni mimi nikikaa karibu na kitu lazima kiharibike. Nimemwelewa. Mtu akiamshwa ghafla kwenye usingizi mzito anakuwaga mkali. Nimeandika matokeo: mgonjwa wa kwanza, amepona.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Aibu tupu kanisani. Siyo kwangu, kwa Clementi. Amekosa uma wake akaamua kukisia sauti ya wimbo wa kuingilia. Alikisia juu. Akina mama wa sauti ya kwanza walipanda mpaka Jenipher akashika nguzo, nguzo ile ile yangu, na sisi wa besi tukawa tunaimba mahali ambapo besi haijawahi kufika. Padre alifumba macho. Sikuweza kujua kama anasali.

Baada ya misa Clementi alitangaza kwamba aliyechukua uma aurudishe bila kuulizwa swali, halafu akaja moja kwa moja kuniuliza mimi swali. Nikamwambia roho ya kushuku haifai siku ya Roho Mtakatifu. Alinitazama sana. Uma ulikuwa mfukoni mwa koti na nilikuwa naogopa kupumua usije ukavuma.

Kesho Butiama. Zimebaki siku sita.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika. Nimemwamkia mzee Yusto, nimemwamkia mama mkwe kwa mbali kama inavyotakiwa. Kisha Marieta akatoka jikoni.

Amenenepa! Macho meupe, uso unang'aa. Siku kumi na tano tu bila mimi. Imeniuma, naandika ukweli. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amekonda kidogo.

Nikamwonyesha uma. Akauliza nimeutoa wapi. Nikasema Musoma. Akasema hatagongewa chuma sikioni na mtu ambaye ndiye ugonjwa wenyewe. Maneno makali, lakini nilimwona anataka kucheka. Halafu akaniwekea sharti. Baba yake hajalala kitandani tangu Machi, tangu ng'ombe wa jirani waibiwe. Kila usiku anakaa kwenye kiti mlangoni mwa zizi, blanketi begani, mkuki mapajani. Watoto wake wamembembeleza wamechoka. Nikiweza kumlaza mzee, Marieta atakubali kurudi Musoma kujaribu.

Nimekubali kabla hajamaliza. Mzee mmoja na ng'ombe kumi na wanne, kitu gani?

Jumanne, 10 Juni, au niseme Jumatano, kumeshakucha

Naandika nyuma ya zizi.

Saa mbili usiku nilianza tiba. Nimegonga, nikausogeza sikioni. Mzee akauliza naanza lini. Kumbe sikio la kushoto halisikii. Nikahamia la kulia. Akapunga mkono, akasema kuna nzi. Nikauweka kwenye paji la uso, akaushika, akaugeuzageuza, akasema chuma ni kizuri lakini kifupi, kingefaa kuchokolea mahindi ya kuchoma.

Ni wazi kwamba dawa ilikuwa ndogo kwa mgonjwa. Nikatazama huku na huku. Kwenye nguzo ya zizi imening'inizwa rimu ya lori. Sisi tuliokulia mjini tunaijua rimu iliyoning'inizwa: ni kengele ya shule. Nikadhani mzee aliinunua shule ilipopata mpya. Sauti nzito, inavuma muda mrefu, ndiyo yenyewe! Nikaigonga kwa mpini wa uma, ikalia kidogo. Nikaokota nondo. Nikagonga taratibu kwa mwendo wa kupumua kama bwana wa Dar anavyofundisha. Tatu, kimya. Tatu, kimya.

Mzee Yusto hakulainika. Mzee Yusto aliruka kama kijana na mkuki mkononi, akapiga yowe ambalo sikujua linaweza kutoka kwenye kifua cha miaka sabini na nne. Ng'ambo ya bonde rimu nyingine ikajibu. Tatu, kimya. Halafu nyingine mlimani. Halafu nyingine, mbali, sijui wapi, labda Mugumu!

Ile ndiyo ishara ya ng'ombe kuibwa. Akiisikia mwanamume hapa hakai ndani. Walikuja na marungu, na mishale, na tochi, na bodaboda kumi na moja. Wakafunga njia zote. Mfanyabiashara mmoja mwenye ng'ombe wake sita na kibali chenye muhuri alikalishwa chini barabarani masaa mawili. Mimi nilikuwa nakimbia na wengine, sijui namkimbiza nani, bukta tu mwilini kwa sababu shuka niliyokuwa nimejifunga ilinaswa kwenye miba. Mama mkwe akanimulika na tochi. Bukta! Mbele ya mama mkwe! Alizima tochi akageukia ukuta, na mimi nikageukia zizi, na tukakaa hivyo.

Ni alfajiri sasa. Vijiji vitatu havijalala.

Jumatano, 11 Juni

Kikao asubuhi. Mwenyekiti wa sungusungu, mzee Abednego, alitaka kujua ni ng'ombe wangapi wameibwa. Hakuna. Akauliza nani aligonga. Wote wakanitazama. Nikaeleza habari za tiba ya sauti, mabega, kupumua. Nilieleza vizuri tu. Mwenyekiti akatamka adhabu.

Anayegonga bila wizi anatoa dume la ng'ombe, wanakula walioitikia. Ndiyo desturi. Nikasema sina dume, nina sungura watatu. Walicheka mpaka mfanyabiashara wa kibali naye akacheka. Boniphace alisema dume lisitoke zizi la baba yake, maana mkwe huleta ng'ombe, hali ng'ombe. Ikaamuliwa: nilinde zizi siku tatu, jua likizama mpaka likichomoza, nimesimama, nisikae. Kiti cha mzee kikaingizwa ndani.

Na jino moja la uma limepinda kwenye vurugu za usiku. Clementi ataniua.

Alhamisi, 12 Juni

Sina nguvu ya kuandika. Ng'ombe wanapumua kwa sauti sana.

Ijumaa, 13 Juni

Kichwa kinauma. Mchana kuna nzi na watoto wanaokuja kumtazama mtu wa rimu, silali. Nimesimama tena. Jana nilisinzia nimeegemea ng'ombe mweupe, akaondoka.

Marieta alikuja na uji saa moja jioni, akakaa juu ya gogo. Sikumweleza chochote. Sina wazo hata moja kichwani, ni mara ya kwanza tangu tuoane. Kwa hiyo akaongea yeye. Kumbe anataka kushona sare za shule, ameshaongea na shule mbili, alitaka kuniambia tangu Pasaka ila kila akianza mimi nilikuwa na la kwangu. Alikuwa na mchoro kwenye karatasi. Nilimsikiliza mpaka uji ukapoa. Nilimpenda sana mwanamke huyu pale, nikiwa na rungu mkononi, na sikuweza kumwambia kwa uchovu.

Alinishika mkono kabla ya kurudi ndani. Kesho ni tarehe 14.

Jumamosi, 14 Juni

AMERUDI! Yuko hapa Kamunyonge, chumbani!

Asubuhi Boniphace alipowasha pikapu kwenda kufuata cherehani, Marieta alitoka na mto wake kwapani, akasema cherehani haitoki, yeye ndiye anaifuata. Mzee Yusto akacheka. Amelala kitandani siku tatu mfululizo, anaonekana mdogo kwa miaka kumi, na mwenyekiti ameagiza vijana wapokezane zamu kuanzia leo ili aendelee kulala.

Njiani Marieta alisema nimebadilika. Siku tatu sijamwamsha, nimejua kusikiliza. Sharti lake ni moja: usiku ni wa kulala. Nikimwamsha tena hata mara moja anaondoka na cherehani siku hiyohiyo. Boniphace akasema kwa sababu amechoka atalala kwetu leo, ataondoka alfajiri, pikapu ikiwa na cherehani au bila cherehani. Nimeelewa.

Wanadhani mzee amelala kwa sababu alijua zizi lina mlinzi. Wanadhani Marieta karudi kwa sababu ya kunyamaza kwangu! Sikutaka kuwaharibia furaha. Alhamisi saa nne usiku nilipita dirishani kwa mzee nikagonga uma mara moja, taratibu. Akakoroma papo hapo. Na Marieta alikuwa chumba cha pili! Jino lililopinda ndilo limeongeza nguvu. Haina ubishi.

Jumapili, 15 Juni, saa saba usiku

Marieta kalala. Fofofo, mkono chini ya shavu. Boniphace anakoroma sebuleni, miguu yake iko juu ya meza ya cherehani. Pikapu iko nje.

Wazo limekuja! Mito! Mito ya kulalia yenye uma ndani, unaupiga ngumi, unavuma, unalala. Marieta anashona, mimi natafuta uma. Sare za shule zinaweza kusubiri. Clementi mwenyewe atakuja kununua. Nina kitu kimoja tu cha kujua kabla wazo halijapoa: sindano ya cherehani inapenya sponji au haipenyi?

Huku siyo kumwamsha. Kumwamsha ni kumweleza mtu mambo. Hapa mimi nauliza, na baada ya jibu nanyamaza.

Nimemgusa bega. Hajasikia. Nimeita jina lake mara mbili, pole pole, bado. Tiba imemkolea kupita kiasi. Uma uko hapa chini ya mto wangu. Ngoja niugonge kwenye chuma cha kitanda, mara tatu tu, karibu na sikio.